Uliza Umri Kabla ya Bei: Kwenda Kuonja Kasiksi na Marafiki Siku ya Soko

Siku ya soko, jua likianza kuwaka, ua wa mama mwenye kasiksi, pombe ya ndizi, huwa umekwisha kujaa. Mabenchi yamekaliwa, bidoni za njano zimepangwa ukutani, chupa tupu za bia ya Primus zinaoshwa kwenye beseni, na marafiki watano waliofika pamoja wamesimama mlangoni bila kujua waanzie wapi. Mmoja anauliza bei. Mwingine ameshapokea kikombe kutoka kwa mtu asiyemjua. Wa tatu anatafuta pa kukaa. Baada ya muda watatoka wamelewa, wamelipa zaidi ya walivyopanga, na hakuna hata mmoja atakayeweza kusema kasiksi ya mama huyu inatofautiana vipi na ya jirani yake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kundi kama hilo. Unaitazama Itebero, katika eneo la Walikale, Kivu Kaskazini nchini Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 3 itokayo Bukavu kupitia Hombo. Lakini atakayekwenda kuonja Masisi au Kabare atafuata hatua zilezile.

Msingi wa yote ni mmoja. Kasiksi ina umri, na umri huo huhesabiwa kwa siku. Pombe ya mchikichi umri wake huhesabiwa kwa saa. Anayeuliza bei kwanza atajua bei tu. Anayeuliza umri kwanza atajua utamu, ukali, usalama, na kama bei yenyewe ni ya haki.

Kwanza, ujue unachokwenda kuonja

Walikale ni nchi ya msitu wa bondeni, yenye joto na mvua nyingi. Masisi ni nchi ya milima na baridi. Ndiyo maana vinywaji viwili hukutana Itebero: kasiksi, yaani pombe ya ndizi, ambayo hupikwa kote milimani na msituni, na pombe ya mchikichi, ambayo haitoki mahali penye baridi kwa sababu mti wenyewe haupendi baridi.

Mgomba si mgeni hapa. Ni mti wa chakula na wa heshima kwa Wanyanga, wenyeji wa sehemu kubwa ya Walikale. Katika utendi wa Mwindo, ambao msimulizi She-Karisi Rureke aliusimulia mwaka 1956 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969, mojawapo ya majaribu anayopewa shujaa ni kulima shamba la migomba. Mgeni anayekaa kwenye ua wa kasiksi amekaa juu ya historia ndefu, na anafaa kujua kazi iliyo ndani ya kikombe chake.

Kazi yenyewe ni hii. Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani. Hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa joto, au huwekwa juu ya jiko, kwa siku kadhaa mpaka ziive zote pamoja. Hapo ndipo mkamuzi hodari anapotambulika. Ndizi ikiwa mbichi haitoi maji, na ikiiva kupita kiasi hugeuka uji ambao haukamuliki. Zikifikia kiasi chake humenywa, hutiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa, kisha hukandwa pamoja na nyasi safi. Nyasi ndizo zinazoishika nyama ya ndizi na kuyaachia maji yake yatoke. Maji hayo matamu, yasiyo na kileo, huitwa mutobe. Huchujwa, huongezwa maji, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa.

Baada ya hapo chachu hufanya kazi yake. Hula sukari na kutoa kileo na gesi, ndiyo maana siku ya kwanza kinywaji bado kitamu, na siku ya pili au ya tatu kimekolea na kina povu. Sukari ikipungua na hewa ikiingia, bakteria hukigeuza kileo kuwa siki. Hakuna mama anayeweza kuizuia safari hiyo kwa ustadi peke yake. Anaweza kuichelewesha kidogo kwa usafi na kivuli.

Pombe ya mchikichi haikamuliwi wala haitiwi chachu. Mgema hupanda mti, hukata kikonyo cha ua na kufunga kibuyu au chupa. Utomvu huanza kuchacha palepale chomboni kwa chachu iliyoko hewani na kwenye mti. Iliyoteremshwa alfajiri ni tamu kama soda asubuhi, ni kali mchana, na kesho yake inafaa zaidi kuungia mboga. Kwa mwale, mti wa rafia, mambo ni mengine: huchanua mara moja tu maishani kisha hufa, kwa hiyo kikombe kilichotoka kwenye mwale kimetoka kwenye mti ulio katika msimu wake wa mwisho.

Kabla ya kutoka nyumbani

1. Punguza kundi. Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi hapo, hawatapata benchi moja, mama hatapata nafasi ya kuzungumza nao, na vikombe vitaanza kuzunguka bila mpangilio. Mkiwa kumi, gawanyikeni mara mbili, mwende kwa akina mama wawili tofauti, kisha mbadilishane habari jioni.

2. Ulizeni siku ya kukamua. Atakayekwenda bila kujua siku hiyo anakwenda kwa bahati. Mpigie mama simu au mtume mtu jioni ya kuamkia soko. Swali ni fupi: "Mama, ulikamua lini?" Akikamua siku mbili kabla ya soko, siku ya soko ndiyo siku yake nzuri.

3. Ulizeni habari za njia. Barabara ya Hombo hadi Walikale huharibika vibaya wakati wa mvua, na hali ya usalama hubadilika kwa muda mfupi. Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale-mjini, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kama watu wa eneo wanasema njia si nzuri leo, ahirisheni. Kila mmoja abebe kadi yake ya mchaguzi, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho, ili pasiwe na maneno kwenye vizuizi.

4. Chagueni asiyekunywa. Atakayeendesha pikipiki asionje hata kikombe kimoja. Kama mmekodi madereva wa pikipiki, mwambieni kila mmoja waziwazi kwamba chakula na soda yake mtalipa ninyi, na kwamba kasiksi ataipeleka nyumbani baada ya kuwafikisha.

5. Kuleni kwanza. Makemba, lituma, muhogo na sombe, sambaza, chochote kinachokaa tumboni. Kileo hupita haraka kwenye damu tumbo likiwa tupu, na ulimi wenye njaa husifu kila kitu.

6. Bebeni noti ndogo za franka. Siku ya soko chenji ni tabu, na noti ya dola iliyochanika hata kidogo itakataliwa.

7. Kila mmoja abebe kikombe chake. Sababu inakuja chini, na ni nzito.

Mkifika na ua umejaa

Umati ni dalili ya aina mbili. Asubuhi, ua uliojaa unaonyesha kwamba pombe inatoka haraka, kwa hiyo ni mpya. Jioni, ua uleule uliojaa unaweza kuonyesha kwamba pombe nzuri imekwisha, wateja bado wapo, na mwenye ua anashawishika kuongeza maji au kuchanganya na masalio ya juzi. Waswahili walikwisha kusema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku ya soko sifa ni nyingi. Fikeni mapema. Saa tatu au saa nne asubuhi ni bora kuliko saa tisa alasiri.

Mlangoni, mmoja wenu tu ndiye azungumze. Amtafute mwenye kasiksi mwenyewe, si kijana anayemiminia wateja, na amsalimu kabla ya kutaja kinywaji: "Jambo mama, habari ya hapa? Tumekuja kuonja, tuko watano." Kama kuna wazee wamekaa, wasalimiwe nao, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaoijua kasiksi ya mama huyu kwa miaka mingi na watawaambia ukweli bila kuombwa. Kama mgema yupo, aitwe papa au mzee, hata akiwa kijana kuliko mnavyotarajia. Kazi ya kupanda mti alfajiri ina heshima yake.

Msichukue benchi la watu waliokwenda kujisaidia au sokoni. Kikombe kilichofunikwa kwa jani juu ya benchi ni alama kwamba mwenyewe anarudi.

Kisha omba kuonja kabla ya kununua. Ombi hili halimtukani mama anayeiamini kazi yake. Akikataa kabisa, nunueni kikombe kimoja, mkigawe kwenye vikombe vyenu, halafu muamue.

KISANDUKU: Maswali ya kumuuliza mama, kwa mpangilio huu

"Mama, hii ni ya lini?"
Jibu zuri lina siku ndani yake: "Nilikamua juzi." Jibu la "ni nzuri tu" si jibu.

"Iliongezwa maji gani, na lini?"
Maji yaliyochemshwa na kutiwa kabla ya kuchacha ni sehemu ya mapishi. Maji ya mtoni yaliyotiwa asubuhi hii ni hatari.

"Mtama ulitoka wapi?"
Unga unaonuka uvundo au ulionyeshewa haufai.

"Kuna mutobe?"
Akiwa nao, muanze nao.

"Bei ya kikombe, ya chupa na ya bidoni?"
Ni la mwisho kwa makusudi. Ukishajua umri, utajua kama bei hiyo ni ya kinywaji cha siku ya pili au cha siku ya nne.

Namna ya kuonja

Kuonja na kunywa ni kazi mbili. Mkizichanganya, kikombe cha tatu kitafanana na cha kwanza na safari yote itakuwa ya kulewa tu. Kileo hufisha ulimi kabla hakijafika kichwani, na utamu mwingi hufunika uchachu. Kwa hiyo mpangilio una maana yake.

1. Anzeni na mutobe kama upo. Ulimi ukishaijua ndizi yenyewe, utaitambua tena ndani ya kasiksi.

2. Endeleeni na kasiksi changa, halafu iliyokolea. Pombe ya mchikichi iwe ya mwisho, au siku nyingine. Ukionja ya mchikichi kwanza, kasiksi yote itaonekana chungu.

3. Tazama. Kasiksi nzuri ina rangi ya kahawia iliyofifia, haina uangavu wa maji, ina povu jepesi, na chembe za mtama zimetulia chini. Kama tabaka la juu ni jembamba na angavu huku tope limeshuka chini, itikise. Isiporudi kuchanganyika vizuri, ina maji mengi. Pombe nzuri ya mchikichi ni nyeupe na inachemka taratibu.

4. Nusa. Ndizi mbivu, mtama uliokaangwa, kidogo moshi wa shimo: endelea. Siki kali au harufu ya rangi ya kucha: rudisha kikombe kwa upole.

5. Kunywa funda moja, lizungushe mdomoni, kisha ngoja. Kasiksi ambayo haijatiwa maji huacha ladha inayokaa na kubadilika, utamu kwanza, kisha uchungu mdogo wa mtama. Iliyotiwa maji hukatika ghafla, kama iliyosahau njia.

6. Usilazimike kumaliza kila kikombe. Kwenye vyumba vya kuonjea mvinyo, ndoo ya kutemea huwekwa mezani na hakuna anayeona aibu. Kwenye ua wa kasiksi kutema mbele ya mama ni utovu wa adabu. Lililo bora ni kuonja kidogo na kumpa mwenzako aliyekubali kuimaliza, ila kikombe kiwe chake na ummiminie humo.

7. Pumzikeni kati ya kikombe na kikombe. Maji safi, karanga, kipande cha muhogo. Zungumzeni. Mmoja aandike kwenye simu: jina la mama, siku ya kukamua, ladha kwa maneno matatu. Watu wa mvinyo hufanya hivyo duniani kote, na kasiksi inastahili uangalifu huohuo.

Kikombe ni chako peke yako

Zamani chungu kimoja kilizungukwa na watu na mirija, au mrija mmoja ulipita kutoka mdomo hadi mdomo. Ilikuwa alama ya udugu, na bado wapo wanaoona kukataa mrija ni kumkataa mtu. Lakini Kivu Kaskazini imefundishwa kwa uchungu. Janga la Ebola lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri lilimalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufa. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, na Kongo ndiyo iliyokuwa imeumia zaidi. Ongeza kifua kikuu, homa ya ini na kipindupindu, na utaona kwamba mate ya watu kumi kwenye mrija mmoja ni jambo lisilofaa tena kuitwa udugu.

Wengi hudhani kileo kinaua vijidudu. Kwenye kasiksi na pombe ya mchikichi, kileo ni hafifu mno kufanya kazi hiyo. Maji machafu yakitiwa kwenye kasiksi yanabaki machafu.

Namna ya kukataa bila kuumiza ni rahisi. Mtu akikunyoshea kikombe chake, pokea kwa mikono miwili, kisha nyosha chako: "Aksanti sana papa, nimiminie humu." Umepokea ukarimu wake, na mdomo wako haukugusa kikombe chake. Kikombe cha plastiki chenye jina lako hakina uzito begani.

Kwa pombe ya mchikichi ongeza swali moja kwa mgema: chombo chake kilifunikwa usiku? Nchini Bangladesh, popo waliokunywa na kuchafua utomvu wa mtende usiku wameambukiza watu virusi vya Nipah, na wataalamu huko wamewahimiza wagema kufunika vyombo kwa vizuizi vya mianzi. Kufunika kibuyu ni tahadhari nzuri kokote popo na wadudu walipo.

ONYO: Pombe ya moto

Kwenye ua huohuo kunaweza kuwa na chupa ndogo ya kanyanga au lotoko, pombe kali iliyopikwa na mvuke wake kukusanywa. Siku ya kuonja, iacheni. Hakuna ulimi unaoweza kutofautisha kileo cha kunywa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Aprili 2010 huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, zaidi ya watu 80 walikufa baada ya kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Dalili zinaweza kuchelewa siku nzima au hata zaidi: kichwa kuuma sana, kutapika, macho kuona ukungu. Mtu akisema haoni vizuri baada ya kunywa pombe kali, asilazwe apumzike. Apelekwe kituo cha afya saa ileile, hata usiku, na mhudumu aambiwe alichokunywa.

Pombe isiyopikwa kwa mvuke nayo haikosi hatari. Januari 2015 huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi uligundua sumu ya bakteria waliostawi kwenye unga ulioharibika. Hiyo ndiyo sababu ya swali la mtama kwenye kisanduku. Unga wenye ukungu au uliolowa hausafishwi kwa kuukaanga.

Wajawazito, watoto, na wanaomeza dawa za kifua kikuu au za kifafa wabaki kwenye mutobe uliokamuliwa siku hiyo hiyo kwa maji yaliyochemshwa.

Kununua na kubeba

Mkishampata mama mliyempenda, nunueni kutoka kwenye chombo kilekile mlichoonja. Mwone akimimina. Hapa ndipo kundi linapofanya kosa la kudai chombo cha nyuma ambacho "hakijafunguliwa": hamjui umri wake.

Kasiksi hai inaendelea kutoa gesi. Bidoni iliyofungwa kwa nguvu ikapigwa na mashimo ya barabara juu ya pikipiki itavimba, na kifuniko kinaweza kuruka au bidoni kupasuka. Jaza hadi robo ya juu ibaki tupu, funga kifuniko kisha kilegeze kidogo, simamisha wima, ifunike kwa kitambaa chenye maji. Kila mkisimama, ilegezeni itoe pumzi. Chupa ya kioo isifungwe kwa kizibo cha chuma mpaka siku ya kunywewa.

Ya kunywa kesho inunuliwe ikiwa changa leo. Ya kunywa keshokutwa isinunuliwe, isipokuwa mna mahali pa baridi.

Msikate jani la mgomba la mtu kulifanya mwavuli, wala msibebe shina, jani au mkungu kutoka shamba moja hadi jingine. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria unaokausha majani, kuivisha ndizi kabla ya wakati na kuozesha nyama yake kwa ndani, ulionekana Masisi mwaka 2001 na umeangamiza mashamba mengi ya Kivu. Unaenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba, na unaenezwa vilevile na panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa hubeba ugonjwa hadi mgomba mzima, isipokuwa limepitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa ya klorini. Ukiona ndizi zenye madoa ya kahawia ndani zikimenywa kwenye mtumbwi, mwulize mama kwa heshima zilitoka wapi. Kwake ni habari ya shamba, si lawama.

Makosa yanayorudiwa

Kufika alasiri na kulalamika kwamba pombe ni nyepesi. Ya asubuhi imeondoka na waliowahi.

Kuonja kwa akina mama wanne siku moja. Wawili wanatosha. Kwa wa tatu ulimi haufanyi kazi tena, na ni ua wake utakaosingiziwa.

Kubishana bei mbele ya wateja. Mama hawezi kupunguza huku watu ishirini wanasikiliza. Msubirini pembeni, au nunueni nyingi kidogo na mwombe nyongeza badala ya punguzo.

Kupiga picha bila ruhusa. Kati ya walioketi kuna mtu ambaye kuonekana kwake mahali hapo si salama au si jambo la kuanikwa. Picha ya mtumbwi na ya bidoni inatosha, na hata hiyo iombwe.

Kumlazimisha asiyekunywa. Wapo Waislamu, wapo walokole, wapo waliokwisha kuacha kwa shida. Mutobe, soda au maji viagizwe pamoja na kasiksi, kwa sauti ileile.

Kuzungumzia siasa na vita. Pombe hulegeza ulimi, na kwenye ua uliojaa hamjui nani amekaa nyuma yenu.

KISANDUKU: Atakayefika Dodoma

Msomaji wa Tanzania, au Mkongo atakayesafiri hadi huko, atakuta Dodoma kuonja kwa namna nyingine, yaani kuonja mvinyo wa zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo lisilopatikana Ulaya, kwa sababu hakuna kipindi cha baridi kinachoulaza mzabibu. Makutupora, jina la kijiji chenye kituo cha utafiti, ni pia jina la zabibu nyekundu iliyokubali ardhi ile. Hombolo na vijiji vya jirani vina viwanda vya mvinyo. Pigeni simu kabla ya kwenda, kwa sababu kiwanda si baa na msimu wa mavuno wafanyakazi hawana muda wa wageni. Mpangilio wa kuonja ni mwepesi kabla ya mzito, mkavu kabla ya mtamu. Swali la umri lipo huko pia, ila jibu limeandikwa kwenye chupa.

Orodha ya mkoba

☐ Kikombe chenye jina, kwa kila mtu
☐ Maji safi, angalau lita moja kila mmoja
☐ Karanga, muhogo au chikwanga
☐ Noti ndogo za franka
☐ Kadi ya mchaguzi
☐ Sabuni
☐ Simu yenye chaji, namba ya mama na ya kituo cha afya kilicho karibu
☐ Bidoni safi, isiyowahi kubeba mafuta ya taa wala dawa ya shamba
☐ Koti la mvua
☐ Jina la asiyekunywa, aliyekubali mbele ya wote

Wakati wa kuondoka

Ondokeni kabla ya saa kumi alasiri, mkiwa na mwanga wa kutosha kufika. Anayeyumba asikae nyuma ya pikipiki peke yake: abaki na mwenzake hadi kichwa kitulie, au alale kwa ndugu. Hesabuni watu kabla ya kuhesabu bidoni.

Lipeni kila kitu kabla ya kuaga. Deni dogo la siku ya soko humtesa mama, kwa sababu mtama na ndizi za mkamuo unaofuata hununuliwa kwa fedha ya leo. Chupa mlizotumia zirudisheni mkononi mwake, maana kila chupa ni mtaji na kuipata nyingine huko msituni si kazi ndogo. Mwambieni mlichokipenda na ambacho hakikuwakaa vizuri, kwa maneno mahususi: ya juzi ilikuwa na mtama mzuri, ile ya bidoni ya pili ilikuwa na siki. Kisha muulizeni siku ya kukamua inayofuata, muiandike, na mmwambie mtakuwa wangapi.